Pilipili na Mikate ya Bure

Jina alilopewa na mama yake lilitumika hospitalini tu, likiitwa dirishani. Kwingine kote, tangu geti la kiwanda cha mikate mpaka sokoni, watu walimwita Pilipili, na mwenyewe akaitika. Kazi yake ilikuwa kufunga mikate. Mkate ukishapoa anautia kwenye mfuko wa nailoni, anazungusha shingo ya mfuko, anabana, anausukuma pembeni, na mkono wa pili tayari umeshika mwingine. Mikono ilikuwa imeizoea kazi hiyo kiasi kwamba haikumhitaji tena, basi mdomo ukabaki huru kugombana.

Sababu za kugombana hazikukosa. Unga umemwagwa mlangoni, trei zimerudishwa na mafuta yake, mtu kaacha bomba linachuruzika. Lakini hasira hizo zilikuwa za mchezo tu, kelele za birika, zikiisha zimeisha. Hasira yenyewe, ile inayokaa kifuani na kulala na mtu kitanda kimoja, ilimjia mwaka yalipopita yale mafua mabaya.

Ni vizuri kwanza ijulikane mle kiwandani watu walikuwa wakila vipi, maana ugomvi wote ulitokea hapo. Tanuri lilikuwa haliachwi. Mikate ikitoka, mingine inaingia, tangu alfajiri mpaka jua linapoinama. Kwa hiyo saa ya chakula haikuwepo. Walikuwepo mayatima.

Mayatima ni mikate iliyopasuka tumbo, iliyoungua upande mmoja, iliyotoka imepinda kama kiatu kilichonyeshewa. Duka haliitaki. Ilitupwa kwenye kreti karibu na mlango, na kila mtu alijichukulia apendavyo, akila amesimama, mkono mmoja mdomoni na mwingine kazini. Juu ya tanuri lilikaa birika la chai yenye sukari ya kutosha kunata vidole. Ukija na chakula chako kutoka nyumbani unachekwa. "Jamani, bibi harusi kaja na bakuli lake!" "Msimguse huyo, yuko kwenye dozi!" Haikuchukua muda, bakuli likabaki nyumbani na mtu akazoea kreti kama wenzake.

Tajiri, mwenye kiwanda, alilijivunia jambo hilo. Akipata mgeni humwonyesha ile kreti na kusema, "Kwangu hapa hakuna anayeshinda na njaa." Alisema kweli. Njaa haikuwepo. Watu walishiba, tena wakanenepa.

Mume wa Pilipili ndiye aliyekuwa mchomaji, na wote walimwita Fundi. Yeye ndiye mlaji mkubwa wa mayatima, kwa kuwa walitoka mikononi mwake. "Nimekosea mwenyewe," alikuwa akisema huku akitafuna, "acha nile kosa langu." Watu wakicheka, anachovya kipande cha pili kwenye chai. Jioni nyumbani Pilipili anapakua maharage, anapakua mboga za majani, na Fundi anasukuma sahani kwa kidole. "Mimi nimeshiba, mama. Kula wewe." Hivyo Pilipili akala sehemu yake na ya mumewe, huku akinung'unika, na miaka ikaenda.

Mafua yaliingia na mkandaji wa unga, jitu la miraba minne waliloliita Tembo. Tembo akapiga chafya juu ya mashine ya kukandia, na kabla wiki haijaisha kiwanda kizima kinakohoa. Dereva wa gari la mikate akalala, akaamka, akabaki kulalamika mgongo. Pilipili akalala, akaamka. Tembo aliteseka sana, lakini naye akaamka. Fundi hakuamka. Alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini, akihema kama mtu aliyepandisha gunia la unga ghorofani, na midomo yake imekuwa rangi ya majivu. Wakamkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni.

Muuguzi wa wodi alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Alipomaliza kumpima Fundi akamwita Pilipili pembeni.

"Mumeo ana sukari. Mlijua?"

"Sukari ipi? Hajawahi kuugua huyu."

"Hajawahi kupima. Anakula nini?"

Pilipili akahesabu kwa vidole. Akamwambia: mkate, chai, mkate.

"Na jioni?"

"Jioni ameshiba."

Muuguzi akatikisa kichwa. "Sikiliza, mama. Siwezi kukwambia mkate ndio uliomlaza hapa. Kirusi kimewapata nyote. Umri wake upo, joto na vumbi la unga vipo, na bahati nayo ipo. Ila sukari hii haikuanza jana. Mwili uliolishwa hivi miaka na miaka, ugonjwa wa mapafu ukiukuta unauelemea zaidi. Unachelewa kujitetea, na ukianza unajitetea kwa fujo. Akipona, chakula chake kibadilike. Si kwa wiki moja. Kibadilike kabisa."

Pilipili aliondoka pale damu ikimchemka, na hakujua amkasirikie nani kwanza. Alimkasirikia Fundi. Akalikasirikia birika. Akaikasirikia kreti kama vile ina masikio.

Aliporudi kwenye kitanda akamkuta wifi yake, dada wa Fundi, barakoa iko kidevuni, anapanga vitu juu ya kabati: chupa za soda, biskuti za krimu, keki, na chupa nyingine yenye maji mazito ya njano.

"Wifi, hivi ni nini?"

"Mgonjwa aongezewe nguvu. Si unamwona alivyokwisha? Na hii ni tangawizi na kitunguu saumu, jirani yangu kasema inasafisha mapafu."

"Kasema nani?"

"Jirani."

"Huyo jirani ndiye daktari wa wodi hii?" Pilipili alishaanza kurudisha soda kwenye mfuko, moja baada ya nyingine, zikigongana. "Mtu ameshiba sukari mpaka imemfika damuni, wewe unamletea nyingine. Halafu tangawizi ya siku mbili ifute mikate ya miaka yote hiyo. Ingekuwa hivyo si tungekuwa tunakunywa tangawizi tu na kula mawe!"

"Unamnyima kaka yangu!" Wifi akainua sauti, wagonjwa wakageuka. "Tangu lini ukawa na huruma naye? Kila siku kumfokea tu!"

"Kaka yako amenyimwa pumzi, wifi. Soda atainywa na pumzi ipi?"

Fundi, aliyekuwa amefumba macho chini ya ule mpira wa oksijeni, akanyoosha kidole polepole kuelekea kwenye biskuti. Wifi akapiga makofi ya ushindi. Pilipili akabeba mfuko wote mpaka kwenye benchi la nje, akaukalia.

Fundi alitoka hospitali amepungua, shati linamning'inia, na akipanda ngazi tatu anasimama kama anaangalia mandhari. Lakini alitaka kazi. Mchomaji wa muda alikuwa anaunguza mikate, na habari hizo zilimuuma Fundi kuliko kikohozi. Jumapili tajiri mwenyewe akaja kumjulia hali, mikononi ana boksi la keki.

"Tanuri linakulilia, Fundi," alisema akiketi.

"Na mimi nalililia, bosi. Kesho nipo."

Pilipili akaliweka boksi chini, mbali. "Bosi, nina neno. Anarudi, sawa. Ila adhuhuri tupate nusu saa. Tukae, tule chakula. Chakula cha watu."

Tajiri akacheka, si kwa ubaya. "Mama, tanuri huwa haliachwi, wewe unajua. Na chakula si nawapa? Tena bure! Nani mwingine mjini hapa anawapa watu wake chakula bure?"

"Bosi, unatupa kile usichoweza kuuza. Kisha ukituona tunakitafuna tumesimama kama ng'ombe, unawaita wageni waje waone."

"Wewe!" Fundi alisema, macho yamemtoka. "Unanitia aibu mbele ya tajiri wangu. Mimi mikate ile nimeipenda mwenyewe. Sijalalamika."

Hilo ndilo lililomchoma. Angekuwa tajiri peke yake, angemtolea uvivu na kulala vizuri. Lakini yule ambaye Pilipili alimfuta jasho usiku kucha, akihesabu pumzi zake na kuogopa ile itakayofuata isije, ndiye anasimama upande wa kreti. Alienda jikoni akachagua maharage mpaka giza, na kila kokoto aliitupa kwa nguvu.

Kesho yake wakaenda kazini pamoja. Watu wakampokea Fundi kwa vigelegele, Tembo akamkumbatia mpaka akakohoa. Tanuri likaanza kutema mikate mizuri kama zamani. Ilipofika adhuhuri Fundi akanyoosha mkono kwenye kreti, akachukua yatima mmoja aliyepasuka, akajimiminia chai.

Pilipili akaacha kufunga. Alipindua kreti tupu, akaketi, akafungua bakuli kubwa: maharage, mboga za majani, mayai ya kuchemsha, machungwa yaliyomenywa. Akaanza kula.

Mara ya kwanza walicheka. "Bibi harusi!" Lakini mikate isiyofungwa haiondoki mezani, na meza ikijaa, trei hazirudi. Mikate ikaanza kurundikana.

"Shemeji, trei!" Tembo akaita.

"Nakula."

Tajiri akatoka ofisini. "Kuna nini? Kwa nini mkate umelala?"

"Nakula, bosi. Nikimaliza naendelea."

"Nitatafuta mfungaji mwingine leo hii!"

"Tafuta. Utafute na mchomaji, maana huyu mafua yakirudi hatoki tena." Akachota kijiko kingine. "Nifukuze. Lakini sitasimama hapa nikikufungia mikate yako huku naangalia mume wangu akijimaliza kipande kwa kipande na nyinyi mnacheka!"

"Fundi," tajiri akasema, "ongea na mkeo."

Fundi akajinyoosha. Uso ulikuwa umewiva kwa moto na kwa aibu. "Mwanamke," akaanza kwa sauti kubwa, "inuka hapo, usije uka..." Pumzi ikaisha. Akajaribu tena, likatoka neno nusu. Kikohozi kikamkamata, kikamkunja, chai ikamwagika viatuni, na ile sentensi ya kumkaripia mkewe ikabaki njiani. Aliposhika nguzo na kuinua kichwa, watu wote walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyekuwa anacheka. Tembo alikuwa ameizima mashine ya kukandia bila kuambiwa.

Fundi akaupunguza moto. Akafunga mlango wa tanuri. Yatima akamrudisha kwenye kreti, akaja kuketi mbele ya mkewe, taratibu, kama mtu anayeingia maji baridi.

Tajiri akarudi ofisini na kubamiza mlango. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia.

"Shemeji," Tembo akanong'ona, "hata mchuzi?"

"Kesho uje na chako, zigo wewe," Pilipili alisema, akamchotea.

Fundi akaonja. "Maharage hayana chumvi."

"Chumvi imekatazwa."

"Nani kakataza?"

"Mimi."

Akala. Alikuwa anakula kama alivyozoea mbele ya moto, haraka, shingo mbele, jicho moja kwenye tanuri. Pilipili akayatazama yale mabega yakipanda na kushuka, akataka kulia, lakini hasira ikamuwahi.

"Tafuna," alimwambia. "Usimeze kama unafukuzwa."