Mama Mkwe Aliponisoma Kwenye TV

Jamani, hili nalisimulia kwa kuwa Kibiti nzima wanalijua, bora mlisikie kwangu mwenyewe kuliko kwa Mama Tatu jirani, maana yeye anaongeza chumvi.

Sakina, mtoto wa shemeji yangu, alikuwa anashindana Dar kusoma Qur'ani kwa moyo, na mashindano yanarushwa moja kwa moja mtandaoni. Mama mkwe yuko kijijini Mtunda, magoti yamevimba, safari ya Dar haiwezi, nami kwa furaha nikasema, "Mleteni kwangu, atamwona mjukuu wake mkubwa kama mlango!" Tena nikajipa kazi ambayo hakuna aliyenituma. Nina rafiki, Shabani, fundi simu pale stendi, tulikuwa tunabishana kipi bora cha kuonyeshea video nyumbani: kile kisanduku cha kuunganisha na TV, kile kifimbo cha kuchomeka nyuma yake, au kurusha tu picha kutoka kwenye simu. Nikaazima kisanduku, kifimbo ninacho, simu ninayo, intaneti ya vyote inatoka kwenye simu hiyohiyo. Leo nitatoa hukumu!

Wageni wakajaa sebuleni tangu saa nne asubuhi, mama mkwe kwenye kochi, majirani kwenye mkeka. Mimi nikakaa barazani. (Kwetu mkwe haingii kujibwaga alipo mama mkwe wake, unamwamkia kutoka mlangoni na macho chini, miaka tisa ya ndoa sijawahi kukaa naye chumba kimoja.) Kwa hiyo TV siioni, naendesha mambo kwa kuuliza dirishani.

Kisanduku kikawaka, mahojiano ya masheikh yanaendelea, picha safi kama maji ya mtungi. Hapo ningetulia, yangeisha salama. Lakini Sakina zamu yake bado, nikasema moyoni, ngoja nijaribu simu dakika mbili tu. Nikamwambia mke wangu Mwanahawa abadilishe TV iende kwenye kifimbo, maana ndicho kinachopokea picha za simu, nami nikarusha picha kutoka kwenye simu.

"Imetoka?"

"Bado, inazunguka tu."

Nikaona imeshindikana, nikaiacha hivyohivyo, nikaanza kumwandikia Shabani: "Kisanduku namba moja, simu haina lolote." Akajibu, "Mama mkwe kashafika?" Nami, mjuaji, nikaandika: "Kafika, na kiroba utadhani anahamisha Mtunda nzima. Kuku mmoja kashaliwa, jogoo ananitazama kwa huruma."

Mara nikasikia kutoka ndani sauti ya Mama Tatu, polepole, kama anasoma barua ya msiba: "Jogoo... ananitazama... kwa huruma."

Nywele zikanisimama! Nikamwandikia Shabani haraka: "Kuna mtu anaingilia simu yangu, kila ninachoandika kinasomwa!"

Na Mama Tatu ndani: "Kuna mtu anaingilia simu yangu..."

Mwanahawa akatoka, kanga mdomoni, sijui analia au anacheka. "Baba Idi, zima hiyo simu. Picha ilishika, yote unayoandika yako kwenye TV. Mama kamwambia Mama Tatu amsomee, macho yake hayaoni vizuri."

Nikazima. Nikazima simu nzima, jamani, nikabonyeza mpaka ikawa nyeusi, ile iliyobeba intaneti ya nyumba!

"Mwanahawa, rudisha kisanduku, mtoto asije akaitwa!" mama mkwe akapaza sauti. Kisanduku kikarudi, intaneti hakuna. Hapo heshima ya ukwe ikanitoka, nikaingia mbio sebuleni miguu peku, nimeshika simu inayowaka kwa mwendo wa konokono, wanawake wanane wananitazama, jasho linanichuruzika, nasema tu, "Sasa hivi, mama, sasa hivi." Ilipowaka, picha ikaja safi kabisa, haitetereki. Tukaona ushungi mweupe kwa nyuma. Sakina anashuka jukwaani, watu wanasema Mashaallah.

Mama mkwe akakaza macho kwenye TV. "Ndiye yule?"

"Ndiye, mama."

"Kakua."

Nikapiga magoti palepale, nikaomba radhi kwa yote mawili, maneno niliyoandika na mtoto tuliyemkosa. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Kile kiroba, baba," akasema taratibu, "ndani mna mchele mpya wa bondeni na kamba wakavu. Mwanahawa aliniambia unawapenda." Kisha mama mkwe akavinyooshea kidole vyombo vyangu vilivyotapakaa chini na nyaya zake. "Haya, fundi. Katika vyote hivi, kipi bora?"

Nikamtazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Gari, mama," nikasema. "Mwakani nakodi gari, nakupeleka mwenyewe mpaka ukumbini, ukae mbele."

"Mstari wa mbele?"

"Wa mbele kabisa."

"Na simu?"

"Naiacha nyumbani, mama. Wallahi naiacha."