Zamu ya Mwalimu

Mtaani walimwita Mama Mgiriki, naye hakununa. Fundi cherehani wa miaka arobaini na tatu, mjane, anayeacha suruali za watu mezani kila Jumanne na Alhamisi ili akasome chuo kikuu Kigiriki cha kale, lugha ambayo wenyewe walishakufa zamani, alitegemea aitwe nani?

"Hao Wagiriki wako watakuletea vitambaa?" wateja walimtania.

"Angalau hawaji kuulizia nguo kabla ya siku yake," aliwajibu.

Darasa lilianza na watu watano. Mwaka wa tatu akabaki yeye na mwalimu, mzee mpole mwenye koti lililopauka viwiko, katika chumba kidogo chenye dirisha lisilofunguka. Walisoma kwa zamu, mstari mmoja wako, mmoja wangu: unausoma kwa sauti, kisha unaufasiri. Na aliyekwama haguswi. Hasaidiwi, hasemeshwi, mpaka aombe mwenyewe. Fundi aliwahi kuachwa akihangaika na mstari robo saa nzima, na alipoupata alilia kwa furaha. Tangu hapo aliipenda sheria ile kuliko hata mzee aliyeitunga.

Alhamisi moja walikuwa wakisoma maombolezo ya mama aliyefiwa. Zamu ikawa ya mwalimu. Akasoma maneno matatu, akanyamaza, kidole juu ya mstari. Fundi akatulia. Tena alifurahi kidogo, Mungu amsamehe: kumbe na mzee hukwama! Kwa adabu akainamia kitabu chake, asije akamwaibisha. Saa ya ukutani ikala dakika kumi na mbili. Kalamu ilipodondoka ndipo akainua macho, akaona mdomo wa mzee umekwenda upande.

Kiharusi. "Angeletwa mapema kidogo, pengine angezungumza," daktari alisema, bila kujua anamwambia nani.

Ikawa kila Jumapili anakwenda kumsomea mzee, ambaye sasa alitazama tu. Mke wa mwalimu alimpokea kama mtoto wa kumzaa. "Mwanangu, Mungu alikuweka pale. Angekuwa peke yake ningemzika." Kila shukrani ilimchoma. Akakonda. Nguo za watu zikaanza kutoka kombo.

Jumapili ya tisa, wakiosha vyombo jikoni, ikamtoka. "Mama, sikuita watu mara moja. Nilikaa dakika kumi na mbili. Nilidhani anatafuta maana ya mstari."

Mama aliendelea kusuuza sahani ileile. "Ulikuwa unamtazama?"

"Nilikuwa naangalia kitabu changu, mama. Nilikuwa namheshimu."

Mama akafunga bomba, akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Chai yako iko mezani," alisema. "Kanywe. Halafu, mwanangu, usije tena."

Akaenda kuinywa. Mzee alikuwa palepale kwenye kiti chake, akamtazama mpaka kikombe kikaisha.