Kumi na Mbili, Basi

Studio ya Theodosia Manirambona ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi ya Kasulu, na watu waliijua kwa picha za paspoti. Mwaka 2013 alikwenda Mwanza kujifunza kuchapa picha za sanaa. Alirudi na printa kubwa ya wino, karatasi nene za pamba, na msimamo ambao kwao haukueleweka.

Picha yake ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa ya Loyce, mfinyanzi wa Heru Juu, ameinamia chungu kibichi, udongo hadi viwikoni. Alichapa nakala kubwa kumi na mbili. Chini ya kila moja aliandika kwa penseli, 1/12, 2/12, mpaka ya mwisho, akatia sahihi. Moja ya pembeni, nakala ya msanii isiyouzwa, alimpa Loyce mwenyewe. Wanunuzi aliwaahidi kuwa nakala kubwa nyingine haitachapwa kamwe. Wasioipata aliwatengenezea kadi ndogo za picha hiyohiyo, zisizo na namba wala kikomo.

Kubwa zote zilipokwisha, akaja kaka yake Leonidasi, mwenye chumba.

"Daktari William anahamishwa. Nimemwahidi ile picha kubwa siku ya kumuaga."

"Zimekwisha, kaka. Mpe kadi."

"Kadi? Printa si hiyo hapo? Wino si umo? Bonyeza!"

"Nikibonyeza, nimewadanganya walionunua."

"Nani atajua? Andika namba yoyote."

"Mimi nitajua."

Leonidasi alicheka kwa hasira. "Nimekulea mimi, leo unaninyima karatasi. Tena ndani ya chumba changu!"

"Chumba ni chako, kaka. Neno nililotoa ni langu."

"Basi toka nalo."

Alidhani dada yake atalia. Theodosia akaanza kuchomoa nyaya palepale.

Jumapili, baada ya misa, mama yao alimsihi aombe radhi. "Radhi ya nini, mayo?" aliuliza. Leonidasi naye alimfuata Loyce hadi Heru Juu kutaka ile nakala yake. Loyce alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye udongo wake. Daktari aliondoka na kadi.

Theodosia alikodi pikapu, akaifunga printa kwa mablanketi, akahamia Kibondo. Haikuwa rahisi. Umeme ulikatika ovyo, na kuna majira alikula mihogo mitupu na kulaani ukaidi wake. Lakini hakubonyeza.

Mwaka 2015 Leonidasi alikuwa na shughuli Kibondo. Akaingia studio, kofia mkononi. Hawakuwa wamesemeshana tangu ile siku.

"Nataka paspoti," akasema.

"Karibu. Keti nyuma ya yule mama mwenye kitenge cha kijani."

Akaketi. Theodosia hakumharakisha wala hakumchelewesha. Zamu yake ilipofika, alimnyooshea kola kwa vidole viwili.

"Inua kidevu, kaka. Bado. Hapo hapo."