Nani Atajua Tofauti

Fundi wa gari la Hidaya aina ya jipu, pale Kasongo, hashiki kitu kipya kabla ya kufuta mikono, kidole kwa kidole, kwa kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe. Huzungumza polepole, na moshi wa gari huunusa kama mpishi anavyonusa sufuria. Asubuhi hiyo alifuta mikono, akafungua boksi lililotoka Bukavu. Ndani mlikuwa na sonde, kifaa kinachofungwa kwenye bomba la moshi ili kupima oksijeni. Uso ukamkunjamana.

"Mama Hidaya, wametucheza. Hii iko inasema tu mafuta ni mingi ao kidogo. Mimi niliomba ile yenye kusema kiasi. Sasa hii injini mupya nitaipatia mafuta kwa kubahatisha? Ikikosa kidogo tu, inaungua."

Hidaya, ambaye jipu lake hubeba abiria na wagonjwa kutoka Kabambare, alimpigia muuzaji papo hapo, sauti ya simu ikiwa juu, huku fundi akirudi kushika injini. Muuzaji akacheka. "Mama, huko kwenu pori, nani atajua tofauti?"

Fundi, ambaye hajawahi kumkatiza mtu neno, akainyakua simu.

"Mama mwenye uchungu wa kuzaa, gari ikimufia kwenye kilima cha Wamaza! Ye ndiye atajua! Unasikia? Sonde yako inarudi leo, na jipu haitoki hapa mpaka ulete ile niliyoomba!"

Hakuwa amefuta mikono. Simu ilirudi kwa Hidaya ikiwa nyeusi kwa grisi, naye akaiweka sikioni hivyohivyo.

"Umesikia fundi wangu?"