Jina la Heshima la Kicheche

Kijiji kizima kinajua mimi ndiye bingwa wa kutunga. Shule niliishia darasa la sita. Aliyechoka ni mwalimu, si mimi. Lakini kwa majina ya wanyama sikumfikia shemeji yangu Nábla, mwokota mwani wa hapa Konamara, pwani ya Ayalandi. Mbweha kwake ni mbwa mwekundu, popo ni bawa la ngozi. Hata mbwa mwitu, ambaye babu zetu hawakumwona, bado alimwita mwana wa nchi, kama vile jioni atarudi kutoka kazini.

Kicheche ndiye mwenye mambo. Jina lake kwa Kiayalandi ni easóg, ila ukikutana naye ukutani hulitamki. Ana kinyongo huyo. Unavua kofia, unamsalimia kwa jina la heshima. Kila ukoo ulikuwa na lake. La ukoo wa Nábla alibaki nalo yeye peke yake.

Akaanza kusahau. Kwanza birika jikoni, kisha jina la dada yake, yaani mke wangu. Akaniomba nimwite Sadhbh, yule binti anayekusanya maneno ya zamani ya kamusi, aje alichukue lile jina kabla halijapotea.

Siku hiyo Nábla alivaa koti la kanisani. Sadhbh akawasha kinasa sauti. Nábla akafungua mdomo, jina likagoma.

“Lipo hapa,” Nábla akasema, akijigusa koo. “Ngoja, mwanangu. Lipo hapa hapa.”

Chai ikapoa. Machozi yakamlenga. Nami, kwa mdomo wangu huu usiojua kutulia, nikasema, “Si Bibi Harusi wa Ukutani, shemeji?”

Nilimtania tu. Nilitaka anifokee kama siku zote: “Funga bakuli lako, mla viazi vya watu!”

Akanishika mkono. “Ndilo! Ndilo hilo! Mungu akubariki, shemeji.”

Sadhbh akaandika.

Nilimkimbilia hadi kwenye gari. “Binti, lile nimelitunga mimi.”

Akacheka. “Mzee Tadhg, nilishaonywa kuhusu wewe. Hata hili unataka liwe lako?”

Nábla tulimzika Februari. Kamusi imetoka, Bibi Harusi yumo, na jina la Nábla chini yake.

Juzi kicheche alisimama kwenye ukuta wa mawe wa nyumba ya Nábla, kifua cheupe, akanitazama. Nikavua kofia. Mvua ikaninyeshea kipara. Akangoja, nami sikuwa na jina la kweli la kumwita. Akaingia zake katikati ya mawe.