Nyama ya Chini ya Taya

Mkamwana wangu ni Mbaski, kwao ni kaskazini mwa Hispania. Krismasi hii alitaka kutupikia chakula cha sikukuu cha kwao: nyama laini ya chini ya taya la samaki, kwa mafuta na kitunguu saumu. Aliposema tukanunue vichwa vya samaki aina ya kitoga sokoni Ifakara, nikajua nimepatikana. Nyumbani kwetu kichwa cha samaki ni cha baba, na mume wangu hana mzaha na kichwa chake. Ile nyama nimekuwa nikiikata jikoni na kuila mwenyewe tangu anioe. Nilimwomba Mungu mume wangu ashikwe na homa, asionje. Akaonja. Akatafuna taratibu, akanigeukia.

"Mama watoto, kitoga ameota nyama hapa chini ya taya tangu lini?"