Silikoni Ndani ya Pikapu ya Baba

Mwanangu, nakumbuka mchana mmoja wa kuelekea Krismasi, na mpaka leo nikiukumbuka mwili unanisisimka. Nilikuwa msichana, nauza spea kwenye duka la shangazi yangu Moshi mjini. Kaka yangu Godlisten alikuwa fundi magari pale Shirimatunda, na alikuwa amefungua injini ya pikapu ya baba ili iwe tayari kabla ndugu hawajaanza kumiminika kutoka Dar. Unatujua Wachaga na Desemba. Fundi akisema gari bado, anaonekana adui wa ukoo.

Alikuja dukani kuchukua silikoni, ile gundi ya kuziba maungio ya injini. Muda si mrefu akarudi kutaka tyubu nyingine. Nikamuuliza injini moja inakula gundi kiasi gani.

“Ndeshi dada yangu, wewe nipe tu,” alisema akicheka. “Sitaki baba aone hata tone la oili chini.”

Siku ya kupanda Old Moshi, kwetu mlimani, mama alikaa katikati yetu, Godlisten akiendesha. Njiani taa nyekundu ya oili ikawaka, na mama ndiye aliyeiona. Kaka akamwambia ni waya tu. Tulipofika kwenye kona kali, injini ikagonga vibaya, ikazima. Kaka akakanyaga klachi ajaribu kuwasha tena, na gari likaanza kurudi nyuma. Breki ilikuwa nzito kwa sababu injini imezima, hendibreki nayo haikushika. Nyuma yetu kulikuwa na korongo. Mama alinishika mkono, nami nikajua tunakufa. Kisha gurudumu la nyuma likatumbukia kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji ya shambani, gari likakwama hapo.

Kesho yake Mzee Temba, aliyemfundisha Godlisten ufundi, alifungua sampu, lile karai la oili chini ya injini, mbele ya baba. Sikuamini macho yangu. Chujio la oili lilikuwa limezibwa na vipande vyekundu vya silikoni, virefu kama minyoo, oili haikuweza kupita. Vingine vilikuwa vigumu na vyeusi, gundi ya fundi wa zamani. Kaka hakuikwangua. Alipaka mpya juu yake, na ilipokataa kushika akaongeza.

“Ile iliyotokeza nje uliifuta,” Mzee Temba alimwambia taratibu. “Iliyoingia ndani ulidhani imekwenda wapi?”

Godlisten alikaa chini kwenye udongo.

Injini baba alipata nyingine. Ila mama hakupanda tena gari kwenye mlima ule. Alikwenda kanisani na sokoni kwa miguu mpaka magoti yalipomshinda, na kaka alikuwa akitembea nyuma yake amembebea kikapu, huku pikapu nzima imeegeshwa nyumbani.

Kwa hiyo, wewe uliyeshika spana juzi, nisikilize. Ondoa gundi ya zamani yote, kwa kikwangulio cha plastiki au cha mbao, usichimbe chuma kwa patasi. Ziba matundu ya injini kwa kitambaa kwanza, uchafu usiingie ndani. Futa mpaka pakauke pasiwe na mafuta. Soma tyubu: inayofaa kwa oili si lazima ifae kwa petroli au kwa moto wa ekzosi. Palipotengenezewa gasketi yake, weka gasketi, si gundi. Halafu paka gundi nyembamba kama uzi, na uipe muda wa kukauka hata kama mwenye gari anakupigia simu kila dakika. Mwache anune. Na taa ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo, usimdanganye mtu kwamba ni waya.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na mama yako apande gari ulilolitengeneza, asinzie mpaka afike nyumbani.